Mahitaji ya hewa safi nyumbani

Mahitaji ya hewa safi nyumbani ni kiasi cha hewa ya nje kinachopaswa kuingia ndani ya nyumba ili kuondoa hewa iliyokwisha kupumuliwa na watu, pamoja na unyevu, harufu, joto na moshi. Kiasi hicho hupimwa kwa lita kwa sekunde kwa kila mtu, au kwa idadi ya mara ambazo hewa yote ya chumba hubadilishwa katika saa moja.

Makala hii inaeleza namna ya kukadiria mahitaji hayo kwa kutumia mifano ya nyumba za kawaida za Dar es Salaam, hasa katika wilaya za Kinondoni na Temeke, ambako mara nyingi familia nzima hulala katika chumba kimoja cha kupanga. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya tu, nazo huonyesha mambo matatu:

- mahitaji ya hewa hutegemea idadi ya watu kuliko ukubwa wa chumba;
- matundu madogo katika kuta mbili hupitisha hewa nyingi kuliko dirisha kubwa katika ukuta mmoja;
- hakuna dirisha la kawaida linaloweza kuondoa hatari ya jiko la mkaa linalowaka ndani.

## Kwa nini hewa inapaswa kubadilishwa

Watu wengi husema kwamba katika chumba kilichofungwa "oksijeni inakwisha". Kwa kweli, katika chumba cha kawaida oksijeni hupungua kidogo sana: hewa ya nje ina asilimia 20.9 ya oksijeni, na katika chumba chenye hewa nzito bado hubaki takribani asilimia 20.7. Kinachobadilika zaidi ni vitu vinavyotoka kwa watu wenyewe, yaani dioksidi kabonia (ambayo shuleni huitwa kabonidayoksaidi), mvuke wa maji, harufu, na chembe ndogo zinazoweza kubeba vimelea vya magonjwa.

Dioksidi kabonia kwa kiwango kinachopatikana vyumbani si sumu kali, lakini ni kipimo kizuri kwa sababu ni rahisi kuipima na huongezeka sambamba na hewa iliyopumuliwa. Hewa ya nje ina takribani sehemu 420 za gesi hiyo katika sehemu milioni. Chumba kikifikia sehemu 2,000, maana yake ni kwamba wakazi wanavuta tena hewa iliyokwisha kutoka katika mapafu ya wenzao.

Jambo hilo lina uzito nchini Tanzania, ambayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Vimelea vya kifua kikuu huelea hewani baada ya mgonjwa kukohoa, kuongea au kuimba. Hewa ya nje ikiongezwa mara mbili, kiasi cha vimelea anachovuta mtu aliye katika chumba hicho hupungua takribani kwa nusu. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya vyumba takribani mara 28 kwa saa, na kwamba wodi za zamani zenye dari za juu na madirisha makubwa zilifanya vizuri kuliko wodi mpya.

## Viwango vinavyotumika

Mwanasayansi Max von Pettenkofer wa Munich, Ujerumani, alipendekeza mwaka 1858 kwamba dioksidi kabonia katika vyumba vya watu isizidi sehemu 1,000 katika milioni. Kipimo hicho bado hutumika sana kama alama ya hewa inayokubalika.

Viwango vingine vinavyojulikana ni hivi:

- Mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, WHO ilipendekeza lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi wala ya tiba.
- Mwaka 2009 WHO ilipendekeza lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida zinazotegemea upepo, na lita 160 katika vyumba vya wagonjwa wenye maradhi yanayoenea kwa hewa.
- Kiwango cha Marekani kiitwacho ASHRAE 62.2, kwa ajili ya nyumba za kuishi, huzidisha eneo la sakafu (kwa mita za mraba) kwa 0.15, kisha huongeza 3.5 mara idadi ya vyumba vya kulala jumlisha moja. Jibu ni lita kwa sekunde.

Kanuni ya Marekani inahitaji uangalifu inapotumika Dar es Salaam, kwa kuwa inachukulia kwamba nyumba ina watu wachache. Nyumba ya vyumba sita yenye mita za mraba 90 ingehitaji 13.5 + 24.5, yaani lita 38 tu kwa sekunde. Lakini ikiwa kila chumba kina familia ya watu wanne, nyumba ina watu 24. Kanuni yenyewe inataka kuongeza lita 3.5 kwa kila mtu anayezidi, hivyo jibu hupanda hadi lita 98 hivi. Kwa kipimo cha lita 10 kwa kila mtu, jibu ni lita 240. Kwa hiyo katika nyumba za kupanga ni afadhali kuhesabu vichwa kuliko vyumba.

## Kukadiria mahitaji

Mtu mzima aliyeketi hutoa takribani lita 18 za dioksidi kabonia kwa saa. Ili chumba kisizidi sehemu 1,000 katika milioni, wakati hewa ya nje ina sehemu 420, lita hizo 18 zigawanywe kwa tofauti ya sehemu 580 katika milioni (0.00058). Jibu ni takribani lita 31,000 kwa saa, au lita 8.6 kwa sekunde. Ndiyo sababu lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu ni kipimo kinachofaa: ni rahisi kukumbuka na kina akiba kidogo. Mtu aliyelala hutoa gesi pungufu, na mtoto pungufu zaidi.

Mfano wa chumba kimoja:

- Chumba kina urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni mita 24.3 za ujazo.
- Wanaolala humo ni wanne: wazazi wawili na watoto wawili.
- Mahitaji ni 4 × 10, yaani lita 40 kwa sekunde, ambazo ni sawa na mita 144 za ujazo kwa saa.
- 144 ÷ 24.3 ni takribani 6. Hewa yote ya chumba inapaswa kubadilishwa mara sita kwa saa.

Chumba hicho kikifungwa kabisa, wakazi wanne waliolala wakatoa jumla ya lita 50 za dioksidi kabonia kwa saa, kiwango kingepanda kwa sehemu 2,000 hivi katika kila saa. Kwa kawaida hewa kidogo hupenya chini ya mlango na kwenye nafasi za madirisha, hivyo ongezeko halisi huwa dogo kuliko hilo, lakini kufikia alfajiri hewa huwa nzito sana.

Chumba kikubwa huchelewesha tu hali hiyo. Watu wanne katika chumba chenye ujazo mara mbili bado wanahitaji lita 40 kwa sekunde. Tofauti ni kwamba hewa itachukua muda mrefu zaidi kuchafuka.

## Nyumba ya Kiswahili na njia ya upepo

Nyumba ya kawaida ya mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, inayoitwa nyumba ya Kiswahili, ina baraza mbele, ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, choo na bafu. Mpango huo ulifaa mwambao: milango ya mbele na ya uani ikiwa wazi, upepo hupita katika ujia, upikaji hufanyika nje, na nafasi kati ya ukuta na paa huruhusu hewa ya moto kutoka.

Pepo zenyewe zinajulikana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takribani Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini takribani Mei hadi Oktoba. Kati ya majira hayo kuna vipindi vya upepo hafifu, na ndipo fukuto huwa kali.

Mpangilio wa mitaa huamua ni kiasi gani cha upepo huo kinafika dirishani. Katika miaka ya 1970, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipima viwanja katika maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha huduma katika maeneo yaliyokwisha kujengwa kama Manzese, na baadaye Tandika na Mtoni. (Sinza na Manzese zilikuwa Kinondoni, sasa zimo katika wilaya ya Ubungo.) Palipopimwa viwanja, kila nyumba ilipata nafasi pembeni. Penye msongamano, dirisha la nyumba moja hutazamana na ukuta wa jirani kwa hatua moja au mbili tu, na upepo unaosikika barabarani haufiki ndani. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu ya ongezeko hilo hupokewa kwa kujenga mabanda ya kupangisha uani, mahali ambapo ndipo nyumba ilipokuwa ikipata hewa.

## Kukadiria hewa inayoingia

WHO hutoa kanuni rahisi ya upepo. Lita kwa sekunde hupatikana kwa kuzidisha kasi ya upepo (mita kwa sekunde), eneo la uwazi (mita za mraba), namba 1,000, na kizidisho kinachotegemea mahali palipo na uwazi:

- Uwazi uko katika ukuta mmoja tu: kizidisho ni 0.05.
- Uwazi uko katika kuta mbili zinazoelekeana: kizidisho ni 0.65, na eneo linalotumika ni la uwazi ulio mdogo kati ya hiyo miwili.

Tofauti ya vizidisho hivyo ni mara 13. Hiyo ndiyo siri kubwa ya hewa ya nyumba: upepo hauingii mahali usipokuwa na pa kutokea.

Tuchukue chumba kilekile chenye dirisha la alumini la kusukuma la mita 1.2 kwa 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.44, lakini kioo kimoja husukumwa nyuma ya kingine, hivyo nusu tu ndiyo hufunguka: 0.72. Wavu wa mbu hupunguza hewa. Kwa tahadhari tuhesabu nusu tena: 0.36. Katika mtaa uliobanana tuchukue upepo hafifu wa mita 0.5 kwa sekunde.

Dirisha peke yake, mlango ukiwa umefungwa: 0.05 × 0.5 × 0.36 × 1,000 = lita 9 kwa sekunde. Hiyo inatosha mtu mmoja, si wanne.

Sasa tuweke matundu juu ya mlango wa chumba, upande wa ujia, yenye uwazi wa mita za mraba 0.12, yaani mstatili wa sentimita 30 kwa 40: 0.65 × 0.5 × 0.12 × 1,000 = lita 39 kwa sekunde. Mahitaji ya watu wanne yamekaribia kutimia bila kupanua dirisha. Matundu hayo yakiwekewa wavu, uwazi wake uongezwe mara mbili.

Hesabu hiyo ina sharti: ujia wenyewe uwe na pa kutolea hewa. Usiku mlango wa mbele na wa uani vikifungwa na juu yake hakuna matundu, hewa haina njia na kizidisho cha 0.65 hakitumiki tena. Kuna sababu nyingine ya kuweka matundu kwenye ncha zote mbili za ujia. Upepo ukipiga ubavuni mwa nyumba, hewa inayofika vyumba vya upande wa pili huwa imekwisha kupita katika vyumba vya kwanza, pengine penye mtu anayekohoa. Ujia unaopata hewa yake ya nje hupunguza tatizo hilo.

## Usiku usio na upepo

Upepo ukitulia, hewa husogezwa na joto: hewa ya ndani yenye joto hupanda na kutoka juu, na ya nje iliyo baridi zaidi huingia chini. Ikiwa uwazi wa chini na wa juu kila mmoja una mita za mraba 0.12, umbali kati yake ni mita 1.5, na ndani kuna joto linalozidi la nje kwa nyuzi 2, hewa inayopita ni takribani lita 22 kwa sekunde. Ni kama nusu ya mahitaji ya familia ya watu wanne, lakini ni zaidi ya mara mbili ya lile dirisha moja.

Kwa sababu hiyo matundu ya juu yana kazi kubwa. Nyumba nyingi mpya huwekwa dari ya jipsamu na kuzibwa kabisa kati ya ukuta na paa, bila tofali za matundu juu ya lenta. Nyumba hupendeza, lakini hupoteza njia yake ya kupumua usiku.

## Hewa ya kupoza ni nyingi kuliko hewa ya kupumua

Kiasi kinachotosha kwa afya hakitoshi kuondoa joto. Ikiwa bati lililopigwa na jua, watu na vyombo vya umeme huingiza wati 500 za joto chumbani, na tunataka ndani pasizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 2, zinahitajika takribani lita 208 za hewa kwa sekunde. Katika chumba cha mfano wetu ni kubadilisha hewa mara 31 kwa saa. Kwa hiyo mchana ni busara kuanza na kupunguza joto lenyewe kwa kivuli, miti, dari na bati la rangi nyeupe, kisha kufungua kila panapofunguka.

Feni na pangaboi huzungusha hewa iliyomo. Humpoza mtu kwa kukausha jasho, lakini haziingizi hewa mpya. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida pia hupoza hewa ileile ya ndani. Chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa kinaweza kuwa baridi na bado kikawa na hewa chafu kuliko chumba cha jirani chenye fukuto.

## Jiko la mkaa

Mkaa unapowaka hutoa takribani gramu 200 za monoksidi kabonia kwa kila kilo. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo huzuia damu kubeba oksijeni. WHO inapendekeza isizidi miligramu 35 katika mita ya ujazo kwa saa moja.

Jiko linalounguza nusu kilo ya mkaa kwa saa hutoa gramu 100, sawa na miligramu 100,000. Tukigawanya kwa 35, zinahitajika mita 2,857 za ujazo za hewa kwa saa, yaani lita 794 kwa sekunde. Hayo ni mahitaji ya watu karibu 80. Chumba chetu kingelazimika kubadilisha hewa mara 118 kwa saa. Kikiwa kimefungwa kabisa, gesi hiyo ingefikia zaidi ya miligramu 4,000 katika mita ya ujazo baada ya saa moja, kiwango kinachoweza kuua.

Ni muhimu kuelewa kwamba mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ndio unaodanganya zaidi. Hatari huongezeka wakati wa masika, jiko linapoingizwa koridoni kwa sababu ya mvua, au maharagwe yanapoachwa yaive taratibu ndani usiku. Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, hasa zikiwapata watu kadhaa kwa pamoja. Watu hao watolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Hivyo jiko la mkaa halitatuliwi kwa dirisha. Mahali pake ni nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wanaotumia gesi ya mtungi nao wakumbuke kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Jiko la ndani linahitaji tundu karibu na sakafu pamoja na la juu.

## Mbu, wezi na majirani

Madirisha mengi hufungwa usiku kwa sababu zinazoeleweka: mbu, wizi na kukosa faragha. Kufunga si njia pekee. Nondo na wavu juu ya matundu ya ukutani huzuia mwizi na mbu bila kuzuia hewa yote, na matundu yaliyo juu ya kimo cha mtu hayaonyeshi ndani. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia nafasi kati ya ukuta na paa; dawa ni kuweka wavu hapo, si kuziba kwa saruji.

Dawa ya mbu ya kuchoma haifai katika chumba kilichofungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba pete moja hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi chochote.

Katika mkoa wa Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio ziitwazo Star Homes, zenye ghorofa moja juu na kuta za wavu, ili kupunguza mbu, moshi na joto kwa pamoja. Zinaonyesha kwamba kuzuia mbu na kupitisha hewa si mambo yanayopingana.

## Kupima bila mtaalamu

Moshi wa udi ukishikwa karibu na uwazi huonyesha kama hewa inaingia, inatoka au imesimama. Mwenye kifaa kidogo cha kupima dioksidi kabonia anaweza kukiacha chumbani usiku na kukisoma kabla mlango haujafunguliwa asubuhi:

- chini ya 1,000: hewa inatosha;
- 1,000 hadi 2,000: matundu yaongezwe;
- zaidi ya 2,000: chumba kinapata hewa kidogo mno kwa idadi ya watu waliomo.

Kifaa hicho hakipimi monoksidi kabonia. Gesi hiyo ina kifaa chake chenye king'ora.

## Marekebisho ya gharama ndogo

Kwa mpangaji au mwenye nyumba ya kawaida, mpangilio wa kufuata kulingana na manufaa ni huu: kwanza kutoa jiko la mkaa nje; pili kutoboa matundu juu ya mlango wa chumba, yenye nondo na wavu; tatu kuweka matundu juu ya mlango wa mbele na wa uani; nne kusafisha nyavu, kwa kuwa vumbi la mtaani huziba vitundu vyake; na tano kuondoa kabati au pazia zito lililo mbele ya dirisha. Anayejenga upya anashauriwa kuweka madirisha ya kufunguka yote badala ya kusukuma, kuweka tofali za matundu juu ya lenta katika kuta mbili za kila chumba, na kuacha uani sehemu isiyojengwa.